Kila Nyumba na Mpangilio Wake

Jumapili, 3 Aprili

Jamhuri yetu ina wabunge mia moja na ishirini na wanane, wote na suti, wote na walinzi, na mwaka wa pili unakaribia kwisha wameshindwa kuchagua rais mmoja. Mimi, Milhem mwana wa Shukri, niliyefeli mtihani wa darasa la tisa mara mbili (mara ya pili kwa alama nzuri zaidi), nitamchagua rais wa Kfartayyun peke yangu, kwa kichwa hiki hiki, kabla cheri, matunda ya mashamba yetu, hazijaiva. Na hata kura sina. Sheria inataka miaka ishirini na mmoja, mimi nina ishirini. Sheria isubiri.

Naandika ili siku watu wa televisheni wakija kuuliza ilikuwaje, nisisahau hata mbinu moja.

Rais, kwetu kijijini, ni mkuu wa manispaa. Huyo tunaye, tena tunaye sana: Rais Rashid, miaka kumi na minane juu ya kiti kimoja, mpaka kiti kimechukua umbo lake. Anayetaka kumtoa ni Mjomba Nasif, kaka yake mama, mwenye kiwanda cha matofali. Leo alikuja kwetu, akala kibbe za nyama sahani mbili, akafuta mdomo.

"Milhem, wewe si una mashine ya fotokopi pale dukani?"

"Mashine ni ya Bi Nuhad mwenye duka, mjomba. Mimi nina akili."

"Basi lete vyote viwili. Uchaguzi ni tarehe kumi na tano Mei."

Mama akasema, "Nasif, huyu usimpe kazi ya kuandika." Dharau ya nyumbani hiyo, naisamehe.

Jumamosi, 9 Aprili

Mjomba ametoa lori lake gereji, ameweka viti vya plastiki na birika la kahawa. Sasa panaitwa makina, yaani mashine ya uchaguzi. Ukiwa na viti thelathini na kahawa wewe ni chama.

Jumatatu, 18 Aprili

Wabunge waliitwa tena Beiruti kumchagua rais wa jamhuri. Akidi haikutimia. Umeme ulikatika kabla hatujasikia kikao kijacho ni lini, na hakuna aliyelalamika.

Jumatano, 20 Aprili

Leo nimekuwa mtu mkubwa.

Mjomba alikuwa na majina tisa ya watu wake, yeye mwenyewe na wengine wanane: Daktari Adib, Tannus muuza mkaa, na wengine. Manispaa yetu ni ya watu tisa, na hao tisa ndio humchagua rais miongoni mwao. Serikali haitoi karatasi ya kura. Kila mpiga kura anakuja na yake mfukoni, na karatasi hiyo tunamgawia sisi wa makina, imechapwa tayari. Akifika nyuma ya pazia anaweza kuiacha kama ilivyo, au achukue kalamu afute jina asilolitaka na aandike lingine juu yake. Hapo ndipo wanaume wazima hulia. Mtu amekula kwako, amekubusu mashavu yote mawili, halafu nyuma ya pazia anakufuta.

"Nitamjuaje aliyenifuta?" Mjomba akauliza. "Miaka sita iliyopita walinifuta watu arobaini, na wote arobaini walikuja kunipa pole."

Rais Rashid zamani aligawa kalamu za rangi mbalimbali ili ajue. Kijiji kizima kikajua kabla yake. Nikakohoa kidogo, kama mawaziri wanavyokohoa.

"Mjomba, kura zikihesabiwa si afisa husoma kila karatasi kwa sauti, jina baada ya jina, na kuionyesha ukutani?"

"Ndiyo."

"Basi kila nyumba yenye mashaka tuipe mpangilio wake wa majina. Nyumba hii inaanza na Tannus, ile na Adib, ile nyingine wewe ni wa tano. Majina ni yale yale tisa, hakuna atakayeona kitu. Afisa anatusomea, mimi nimekaa na daftari. Pazia likae na upazia wake."

Tannus akasema, "Huyu mtoto ama atakuwa waziri ama atafungwa." Nikamwambia si lazima nichague.

Mjomba alinibusu kipaji cha uso. Mbele ya watu!

(Wajanja wa vijiji vingine nasikia nao hufanya hivi. Waliniibia wazo kabla sijalifikiria.)

Jumapili, 24 Aprili

Baada ya misa tulikwenda nyumbani kwa Mama Ghattas. Ni mjane, ndiye anayefagia ofisi za manispaa, na mwanawe Ghattas ni rafiki yangu tangu tukiwa tunaiba lozi mbichi kwa watawa. Ghattas ana miaka ishirini na sita na hana kazi. Mjomba wake ana duka la vitambaa Abidjan, anamwita kila mwezi. Kila mwezi Mama Ghattas anaugua mpaka barua ijibiwe hapana. Mumewe alikwenda huko huko, akarudi ndani ya sanduku.

Sasa kuna nafasi moja ya polisi wa manispaa: sare, filimbi, mshahara, bima ya hospitali. Ghattas akiipata, anabaki.

Mjomba Nasif alikaa chini ya picha ya marehemu, akaweka mkono kifuani. "Mama Ghattas, nyumba hii ina kura nne. Wewe, Ghattas na mabinti wawili. Nipe nne, Juni mwanao anavaa sare."

"Nitakupa nne, baba. Mungu shahidi. Lakini usinidanganye mimi. Nimedanganywa na wakubwa kuliko wewe."

Ghattas alinisindikiza mpaka barabarani. "Wewe ndiye mkuu wa makina siku hizi?"

"Niite Mheshimiwa."

"Mheshimiwa wa fotokopi. Sikiliza we kinyago, mama yangu tayari amenunua uzi wa kupunguzia suruali ya sare. Ukiniharibia nitakutafuna."

"Ukipata filimbi utaniacha nipite na pikipiki bila kofia?"

"Wewe ndiye wa kwanza kukamatwa."

Jumatatu, 2 Mei

Siham, binti wa Mwalimu Boulos, alikuja dukani kutoa nakala za vyeti vyake. Siham amemaliza chuo, hajapata kazi, na ananitazama kama mtu anayetazama mlango uliofungwa vibaya. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu mwenye shughuli, majina tisa yanaweza kupangwa kwa namna ngapi tofauti. Hakuomba hata kalamu.

"Laki tatu na elfu sitini na mbili, mia nane na themanini. Kwa nini?"

"Hesabu tu. Napenda hesabu."

"Wewe uliyeandika kwenye mtihani kwamba pembetatu ina pande 'nyingi'?"

Anakumbuka mtihani wangu! Hilo si jambo dogo.

Alhamisi, 5 Mei

Nimemaliza. Nyumba sitini na mbili za mashaka, mipangilio sitini na miwili. Funguo zote ziko kwenye daftari dogo jekundu. Nyumba ya Mama Ghattas inaanza na Tannus, kisha Adib, kisha Milad. Nyumba ya Mwalimu Boulos inaanza na Daktari Adib, kisha Tannus. Nimemuuliza Mjomba kwa nini Mama Ghattas awe wa mashaka wakati mwenyewe ameapa.

"Wanaoapa ndio wa kwanza kuandikwa," alisema.

Kila bahasha ina karatasi sawa na kura za nyumba na moja ya akiba, maana watu humwaga kahawa.

Jumanne, 10 Mei

Wabunge tena. Akidi haikutimia. Bi Nuhad asema wangelipwa kwa kikao wangelala mle mle.

Alhamisi, 12 Mei

Nimegombana na Mwalimu Boulos, au yeye kagombana nami, maana mimi nilikuwa nakula.

Alinikuta kwa mwoka mikate, mkate wa manakishi wenye majani ya zaatari mdomoni. Alinifundisha miaka mitatu na bado hajakata tamaa, kosa lake hilo.

"Nasikia mnapanga majina kwa nyumba."

"Nani kasema?"

"Tannus. Humwambia kila anayenunua gunia. Milhem, unajua sheria imeweka pazia kwa nini?"

"Ili watu wajifute pua."

"Ili mimi nimchague nimtakaye na kesho nimsalimie nisiyemchagua, naye asijue. Hiyo ndiyo jamhuri. Mengine yote ni bendera na mizinga."

"Mwalimu, kwa heshima yako, wale kule Beiruti wana pazia, wana sanduku, wana karatasi nyeupe za siri. Mbona hawana rais? Hawafiki hata ukumbini. Makina yetu inafika mpaka kitandani kwa mgonjwa."

Alinitazama sana. Nilidhani nimemshinda.

"Wale hawachagui kwa sababu kila mmoja anangoja kuambiwa na mkubwa wake," alisema. "Na wewe unataka Kfartayyun nayo iwe hivyo, nyumba kwa nyumba. Nitampigia ninayemtaka."

Mwoka mikate, ambaye hana upande kwa sababu ana tanuri moja, akasema, "Mwalimu, yako na jibini au bila?"

Jumamosi, 14 Mei

Mvua. Katikati ya Mei, cheri zimeanza wekundu, na mbingu zimefunguka kama Januari. Wazee wanatazama mashamba. Cheri ikilowa imeiva inapasuka, ikipasuka hainunuliwi.

Nimegawa bahasha zote sitini na mbili kwa pikipiki, zikiwa chini ya koti. Bahasha za juu zililowa, na majina ya wenye nyumba niliyoandika kwa kalamu ya wino yakawa maua. Kwa Mwalimu Boulos nilikaribishwa ndani. Siham mwenyewe alinipa kahawa na taulo. Nikazipanga bahasha sita zilizobaki juu ya jiko la kuni ili zikauke.

"Hizi ni za nani na nani?" Siham akauliza. "Majina hayasomeki."

"Ziko hapa," nikagonga kichwa.

"Hapo? Basi zimepotea."

Nikacheka, nikampa baba yake bahasha yao, nikaenda na nyingine tano. Mama Ghattas alipokea yake kwa mikono miwili kama sakramenti.

Jumapili, 15 Mei, naandika Jumatatu

Hii lazima niiandike yote.

Tangu asubuhi mabasi yalipanda kutoka Beiruti, maana huku kwetu unapiga kura ilikoandikwa nasaba yako hata kama hujawahi kulala kijijini. Watu waliotusahau tangu Krismasi walishuka wakatubusu. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha. Makina yetu ilikuwa na kofia za njano, ya Rashid za bluu, na kila mtu alimwuliza mwenzake habari za mama yake huku akihesabu kura za nyumba yake. Kura ziko ndani ya shule, darasa lile lile nililofelia.

Mama Ghattas alikuja na wanawe watatu, amevaa gauni la Pasaka. Aliingia nyuma ya pazia, akatoka baada ya sekunde tano. Akanipita, akanishika kwa mkono wake wa baridi, akaninong'oneza, "Nne, mwanangu." Mwalimu Boulos alikaa nyuma ya pazia mpaka afisa akakohoa. Siham naye hakuharakisha.

Saa moja jioni wakafunga milango, wakamimina sanduku mezani. Kura mia sita na kumi na moja. Afisa aliyeletwa kutoka mjini alikuwa mtu mwembamba mwenye mafua, akisoma kila karatasi kama anasoma hukumu. Mimi nilikaa benchi la mbele, lile ambalo mwalimu alikuwa akiniweka ili anione, daftari jekundu pajani. Jenereta ilizimika mara mbili. Kila ikizimika, kofia za njano na za bluu zote ziliwasha simu kumulika sanduku, maana hakuna anayemwamini mwenzake gizani.

Nikawa natia alama. Nyumba ya Zakhia, tatu, safi. Nyumba ya Butrus, tano, safi. Nilijiona kama mtu anayepita juu ya kijiji kilichoondolewa mapaa. Nawaona wote, kila mmoja na siri yake, na wao hawanioni.

Halafu afisa akapiga chafya, akasoma: "Tannus. Adib. Milad..." na kadhalika, na pale palipostahili kuwa na Nasif, "jina limefutwa. Limeandikwa Rashid."

Tannus, Adib, Milad: nyumba ya Mama Ghattas. Nikadhani nimesikia vibaya. Dakika kumi baadaye ikaja ya pili, Nasif amefutwa. Ya tatu. Ya nne nilijua kabla hajafungua mdomo.

Na za Mwalimu Boulos, zinazoanza na Daktari Adib? Nne, safi kama theluji. Mwalimu na maneno yake yote yale ya pazia! Nilitaka kucheka.

Mwisho: orodha yetu viti vitano, ya Rashid vinne. Tumeshinda! Walipiga fataki kwenye mvua. Lakini Mjomba alikuwa wa mwisho katika watu wetu watano. Tannus kampita kwa kura ishirini na sita.

"Nimeshindwa na mkaa wangu mwenyewe," Mjomba alisema, huku watu wamembeba mabegani. "Milhem. Kesho uje na daftari."

Jumatatu, 16 Mei

Nimemsomea. Nyumba tisa zilimfuta. Nane alizijua tangu zamani, akawa anaitikia tu. Nilipofika kwa Mama Ghattas sauti yangu ilishuka.

"Ngapi?"

"Zote nne."

Mjomba alikuwa anamenya chungwa, akaliweka. "Aliapa mbele yangu, chini ya picha ya marehemu mumewe."

"Labda..."

"Labda nini? Daftari ni lako au si lako?"

"Ni langu."

"Linakosea?"

Sasa, mtu amekuita mwenye akili mbele ya gereji nzima. Amekubusu kipaji. Utamwambiaje?

"Halikosei," nikasema.

Jumatano, 18 Mei

Jua kali. Cheri zimepasuka mti baada ya mti.

Jumapili, 22 Mei

Ghattas kanipungia mkono kanisani, nikainama kufunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu havina kamba.

Nimemkasirikia kweli mama yake. Angekuja aniambie, "Milhem, tumempigia Rashid, tunza siri," ningetunza. Lakini "nne, mwanangu," na ule mkono wa baridi! Mwanamke anayejua kudanganya hivyo angepaswa kuwa bungeni.

Jumatano, 25 Mei

Leo imetimia miaka miwili kamili jumba la rais kule Baabda halina mtu. Televisheni imeonyesha bustani zake. Nyasi zinakatwa.

Jumatano, 1 Juni

Watu tisa wa manispaa wameketi kumchagua rais wao. Kura ya siri, kila mmoja na kikaratasi chake, sanduku ni la viatu. Tano kwa nne. Mjomba Nasif ni Rais! Daktari Adib naye alitaka kiti, basi wamekubaliana miaka mitatu mitatu, na mkataba uko ndani ya Biblia ya Tannus.

Ilichukua dakika kumi na moja, nilipima kwa simu. Nilitangaza nje ya mlango kwamba wabunge watuletee ile kazi yao, tutawamalizia kabla ya chakula cha mchana. Watu walicheka sana, na Mama Ghattas, aliyekuwa na ufagio ngazini, naye alicheka. Alikuja akambusu Mjomba mkono. Mjomba aliuondoa.

"Hongera, Rais," alisema yeye. Hakuelewa.

Ijumaa, 3 Juni

Nafasi zimetangazwa. Polisi wa manispaa: mpwa wa Daktari Adib, kijana asiyeweza hata kupiga mluzi. Karani mpya wa ofisi: Siham Boulos, "kwa uaminifu wa nyumba yao," Mjomba alisema.

Mwalimu Boulos alinisimamisha barabarani. "Sijui kwa nini mjomba wako ametupenda ghafla."

Siham alikuwa nyuma yake. Alinitazama mimi, kisha kiatu chake, kisha mimi. "Hata mimi sijui," alisema.

Ni haya ya binti mbele ya kijana. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Jumamosi, 4 Juni

Mama Ghattas alikuja dukani. Bi Nuhad alikuwa ndani. Hakuketi.

"Milhem, mwanangu, mjomba wako ameniambia tulimfuta. Kanitukana mbele ya watu, mimi, na rika langu hili. Anasema daftari lako limesema."

"Mama Ghattas, afisa ndiye aliyesoma."

"Mimi kusoma sijui vizuri, unajua. Ghattas alinisomea tangu Jumamosi ile, jina kwa jina, ili nisije nikaweka ya wengine. Nikampokonya kalamu yake isije ikamponyoka. Hakuna aliyegusa kitu. Hii hapa ya tano uliyotupa. Niliiweka nyuma ya Mtakatifu Yosefu ituletee bahati."

Akaiweka juu ya kioo cha mashine. Karatasi ya akiba ya nyumba yake. Nikasoma jina la kwanza.

Daktari Adib.

Nilisoma tena, kama vile majina yangehama. Tannus wa pili. Daktari Adib wa kwanza. Hiyo ni ya nyumba ya Mwalimu Boulos. Basi zile nne safi zilikuwa za Mama Ghattas. Na zile nne zilizofutwa, zilizoanza na Tannus, ni za Mwalimu na mkewe na mwanawe na Siham. Juu ya jiko la kuni, bahasha sita, majina yote maua, nami nikagonga kichwa.

"Umeona?" Mama Ghattas akasema. "Safi."

"Nimeona."

"Basi mwambie. Wewe anakusikia. Ghattas amekwishamwandikia mjomba wake Abidjan, hataki kuniangalia usoni nisimzuie. Tiketi wanatuma wiki hii. Mwambie kabla ya tiketi, Milhem."

"Niachie karatasi, Mama Ghattas. Nitazungumza naye."

Alinishika shavu. Mkono ulinuka sabuni ya sakafu.

Jumapili, 5 Juni

Mjomba alikuwa na wageni.

Jumatatu, 6 Juni

Nilikwenda ofisini kwake. Siham alikuwa kwenye meza ya karani, siku yake ya kwanza, nywele amezifunga, kalamu zote zimepangwa. Alisimama, akafunga mlango wa ndani taratibu.

"Milhem, nikuulize. Ile hesabu ya majina tisa. Ilikuwa ya nini?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu nyumbani sote tulimfuta mjomba wako, na amenipa kazi."

Yeye ana akili ya kweli, si ya gereji. Niliona usoni mwake hesabu inakwenda, mstari kwa mstari, mpaka chini.

"Nani amebeba lawama yetu?" aliuliza.

"Hakuna. Ni makosa tu ya afisa. Alikuwa na mafua."

"Milhem."

"Hakuna, Siham."

Mlango wa ndani ukafunguka. "Mpwa wangu!" Mjomba akaita. "Una shida gani?"

Nikamwambia wino wa mashine umekwisha.

Jumatano, 8 Juni

Wameokota cheri chache zilizonusurika. Bei nzuri kwa wasiopasukiwa.

Ijumaa, 10 Juni

Ghattas alikuja kuniaga. Nilikuwa nimejifungia chumba cha ndani cha duka, nikamsikia akizungumza na Bi Nuhad.

"Yupo?"

"Alikuwepo sasa hivi."

"Mwambie simlaumu. Daftari ni la mjomba wake, angefanyaje? Lakini mama anasema Milhem ameahidi kuzungumza, ndiyo maana hata leo hajalia. Anangoja. Nimemwambia asingoje. Mwambie pia avae kofia kwenye pikipiki."

Jumamosi, 11 Juni

Ghattas ameondoka na teksi ya saa kumi na moja alfajiri. Mama Ghattas hakwenda uwanja wa ndege. Saa mbili alikuwa ngazini pa manispaa na ufagio wake, anaanzia juu kama kila siku, na nilipopita akasema, "Umezungumza naye, mwanangu?" nikasema, "Bado, mama, ana shughuli." Akasema, "Haya. Ukipata nafasi."

Mara ya kwanza nilipoandika humu, niliandika kwamba nitamchagua rais peke yangu. Si kweli. Nimezihesabu tena usiku wa jana, na hata kura zile nne zingekuwa zake, Mjomba angebaki wa mwisho wa watano, na angekuwa Rais vile vile. Daftari langu halikubadilisha chochote isipokuwa nyumba moja.

Wala kosa si la bahasha. Bahasha ilikuwa mvua, na mtu yeyote angeweza kukosea kwenye mvua. Kilichoharibika kweli ni kwamba tangu tarehe nne nilikuwa na siku saba na karatasi mkononi, na nilijua, na kila siku niliamka nikachagua kunyamaza, kwa ajili ya jina langu la mwenye akili na kwa ajili ya msichana ambaye tangu Jumatatu hanisalimii.